Sababu za Malkia Mbaya na kile kijiji kisicho na jina

Ndugu wasomi wenzangu, mlio Butembo, mlio Beni, na ninyi mliotawanyika Bunia, Goma na Kampala mkitafuta maisha,

Ninajua wengine watacheka. Mtu amemaliza lisansi ya sheria, mwaka wa pili sasa anatembeza barua za kuomba kazi, halafu anakuja kutuandikia juu ya filimu ya wachawi na mabinti wa wafalme. Sawa, mcheke. Lakini filimu hiyo ilitugombanisha watu saba kwa majuma matatu, wawili kati yetu wakafika kuacha kusalimiana, na mimi ndiye niliyeanza kwa kusema kwa sauti kubwa jambo ambalo sasa sina hakika nalo.

Seri yenyewe ni Once Upon a Time. Ilionyeshwa Marekani kwenye ABC kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2018, sezoni saba. Sisi tuliipata kwa Kifaransa, kwenye fulashi, tukawa tunaiangalia siku ya Yenga baada ya misa, chumbani kwa mwenzetu hapa Butembo, kompyuta moja juu ya kiti na watu wamekaa hadi kwenye mlango. Kwa ambaye hajaiona: Malkia Mbaya wa hadithi ya Snow White, jina lake Regina, anatupa laana juu ya nchi nzima. Watu wote wanajikuta katika mji mdogo wa Marekani, hawakumbuki wao ni nani, na saa ya mji imesimama kwa miaka 28. Yeye ndiye meya. Nyuma yake kuna mwingine, Rumplestiltskin, mchawi mwenye duka la vitu vya kale, ambaye ndiye aliyeitengeneza laana hiyo. Tangu tukiwa watoto tumezoea kwamba filimu ina aktere na ina bandi. Seri hii kazi yake yote ni kukuonyesha bandi alianza wapi.

Na Regina alianza hivi. Alikuwa msichana mwenye kupenda farasi, na alimpenda kijana wa zizi, Daniel. Mama yake, Cora, alitaka amuoze kwa mfalme. Snow White, wakati huo mtoto mdogo, aliambiwa siri ya wapenzi hao akaapa kunyamaza, kisha akaitoboa kwa Cora, kwa nia njema kabisa: alimpoteza mama yake mwenyewe na hakutaka Regina naye akose mama. Cora aliung'oa moyo wa Daniel kifuani na kuusaga mkononi mbele ya macho ya binti yake. Regina akaolewa na mfalme, na tangu siku ile hasira yake yote ikamwendea yule mtoto.

Hapo ndipo chumba kiligawanyika.

“Yule mwanamuke hakuzaliwa mubaya. Balimuharibisha,” dada mmoja alisema, mwenye grade ya saikolojia.

“Nani hajaharibishwa hapa Kongo? Weye pia uliharibishwa, mbona haujaua mutu?”

Kambi mbili zikatokea palepale. Mimi nilikuwa katika kambi ya pili, na nilijiona nina silaha nzito kuliko wote kwa sababu nilisoma jinai. Niliwapa somo. Niliwaambia kanuni yetu ya jinai, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, katika kifungu cha 44 inauliza jambo moja: je, mtu aliua akiwa na nia ya kuua? Kifungu cha 45 kinaongeza: je, alipanga mbele? Basi. Nia si sababu. Nia ni kwamba ulitaka afe. Sababu ni kwa nini ulitaka. Sheria inashika ya kwanza. Ya pili unaibeba hadi mwisho wa kesi, wakati wakili anamwomba jaji apunguze adhabu. Kwa hiyo, nikasema, machozi ya Regina juu ya Daniel tuyaweke kwenye faili, tumhukumu kwanza.

Nilipigiwa makofi na kambi yangu. Kisha mwenzetu mmoja wa Beni, ambaye siku zote anakaa karibu na dirisha na hasemi sana, akajibu. Nilidhani yeye kuliko wote angekuwa upande wangu.

“Miye namupenda Regina juu ana sababu,” alisema. “Yaya, unajua mjomba wangu aliuawa shambani, upande wa Mbau, 2014. Hadi leo hakuna mutu ameniambia juu ya nini. Huyu malkia unaingia mpaka ndani ya chumba chake, unamuona analia, unajua jina ya ule alimuulia mchumba. Munipe adui kama huyo. Nitakuwa na kitu cha kumuuliza.”

Hakuna aliyeongea. Mwenye chumba alibonyeza kitufe, filimu ikaendelea.

Wale wa mbali ambao hamjakaa Beni pengine hamtashika uzito wa maneno hayo, basi nieleze kidogo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameuawa kwa mapanga na risasi, shambani, njiani, ndani ya nyumba, na tarehe 13 Agosti 2016 ilifika mpaka Rwangoma, mtaa wa mji wenyewe. ADF, waasi waliotoka Uganda miaka ya 1990, ndio wanaotajwa kwanza. Lakini Machi 2016, Kikundi cha Utafiti juu ya Congo kilitoa ripoti ambayo kichwa chake ni swali: wauaji wa Beni ni nani? Na kila mmoja wetu amesikia majibu kumi, ndani ya gari kati ya Beni na Butembo, kwenye matanga, kwenye saluni. Ni dini. Ni mbao. Ni kakao. Ni ardhi. Ni wakubwa wa jeshi. Ni majirani. Ni siasa ya Kinshasa. Sisi ndio mabingwa wa kujadili sababu za watu wabaya, tena si kwa kujifurahisha. Mtu anauliza kwa nini kwa sababu anataka kujua kama kesho anaweza kwenda shamba.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilikuwa na haya kidogo na lile somo langu la kifungu cha 44. Sikulifuta, lakini nilianza kuiangalia seri kwa jicho lingine: si kuuliza kama bandi ana sababu, bali kuuliza seri inaifanyia nini sababu ile.

Hadithi za zamani hazikujisumbua hivyo. Katika hadisi tulizosikia jikoni kwa bibi, fisi anakula kwa kuwa ni fisi. Ndugu Grimm, waliochapisha Snow White Ujerumani mwaka 1812, walimpa malkia sababu moja tu, wivu wa uzuri, na kioo cha kumkumbusha. Hata hivyo nao waliigusa. Katika chapa ya kwanza malkia alikuwa mama mzazi wa binti. Kufikia chapa ya 1819 wakambadilisha kuwa mama wa kambo, nadhani kwa kuwa wasomaji hawakuvumilia mama kumchukia mtoto wa tumbo lake. Mwisho wao lakini ulikuwa wazi: malkia anavishwa viatu vya chuma vilivyochomwa mpaka vikawa vyekundu, anacheza ndani yake hadi anakufa. Hakuna mtu anayemuuliza juu ya Daniel.

Seri imechukua kazi ngumu zaidi, na mahali fulani inaifanya vizuri sana. Mahali hapo kwangu ni kwa Rumplestiltskin, si kwa Regina.

Kijijini kwake kuna vita vya mazimwi. Mkubwa wa eneo ameteremsha umri wa askari hadi miaka 14, na wanajeshi wanakuja kuwakokota watoto mbele ya mama zao. Rumplestiltskin ni msokota nyuzi maskini, mwenye mguu mbovu, anaitwa mwoga na kila mtu. Baadaye tunajifunza kwamba aliuvunja mguu huo mwenyewe kwa nyundo ili atoke vitani na kurudi kwa mtoto wake mchanga. Sasa mtoto huyo, Baelfire, anakaribia miaka 14. Baba anaiba kisu chenye nguvu za giza, anamuua mwenye nguvu zile, anazichukua yeye. Siku askari wanapomjia mwanawe, anawamaliza wote. Kisha anamaliza na vita, na watoto wanarudi nyumbani.

Tulipofika hapo, hata kambi yangu ilipiga kelele za furaha. Nani kati yetu asingefanya hivyo? Tuseme ukweli, nani kati yetu hana mtu wa ukoo wake au wa mtaa wake aliyeingia msituni akisema anaenda kujilinda na kulinda kijiji? Maneno yalikuwa ya kweli siku aliyoyasema. Mimi ninamjua mmoja, nilisoma naye sekondari. Miaka michache baadaye nilipita kizuizi njiani, akanitambua, akacheka, na bado nikalipa.

Seri inalijua jambo hilo. Rumplestiltskin baada ya vita haviweki chini vile alivyochukua. Anaanza kuua kwa makosa madogo, hadi mtumishi wa nyumba asiye na ulimi anauawa kwa kusikia siri. Mtoto anaogopa. Mtoto huyo huyo anatafuta njia: kuna mahali pasipo na uchawi, wanaweza kwenda wawili, baba atakuwa mtu wa kawaida tena mwenye mguu mbovu. Shimo linafunguka ardhini, Bae yuko ndani ananing'inia, amemshika baba mkono. Na baba anaachia.

Angalieni ile sekunde. Sababu yake yote ilikuwa mtoto. Aliua kwa ajili ya mtoto. Sasa amepewa kuchagua kati ya mtoto na nguvu alizozitwaa kwa ajili ya mtoto, na mkono unafunguka. Waandishi hawakumsingizia, machozi yake ni ya kweli, na atatumia miaka mamia kumtafuta Bae. Lakini tangu sekunde ile unajua kwamba sababu iliyomwingiza siyo inayomweka humo. Wanasaikolojia wetu na wanasheria wetu walikuwa wanagombania sababu ya kwanza, wakati bandi mwenyewe ameshahama zamani.

Ukiisha kuliona hilo kwa Rumplestiltskin, unaliona na kwa Regina. Yeye anasema yote ni kwa ajili ya Daniel. Lakini ili laana ifanye kazi inahitaji moyo wa mtu anayempenda kuliko wote, na anamuua baba yake mwenyewe, mzee mpole ambaye hakumwacha hata siku moja. Hapo Daniel ameingiaje? Tena seri inaonyesha jambo ambalo wengi chumbani hawakulitilia maanani: uchungu wa Regina ulilimwa. Alipokuwa bado anatumaini kumfufua Daniel, Rumplestiltskin alimletea daktari wa kujaribu, na walipatana naye ajifanye ameshindwa, ili binti akate tamaa kabisa na awe mwanafunzi mzuri wa uchawi. Alikuwa anahitaji mtu wa kuitupa laana yake. Alimkuta msichana mwenye jeraha, akalitunza lile jeraha lisipone. Ninyi mliosoma historia ya vita vyetu hamhitaji nieleze. Kijana aliyefiwa ana sababu, na kuna watu ambao kazi yao ni kwenda kutafuta vijana wenye sababu.

Hadi hapo ninaisifu. Sasa nifike kwenye kile kijiji.

Ni katika sezoni ya pili, mwaka 2013. Regina anatafuta Snow White aliyejificha. Anafika kijijini, anauliza, watu hawasemi. Anaamuru askari wawaue wote. Baadaye, akiwa amebadilishwa sura na kuwa mwanamke wa kawaida, anaokolewa na Snow White mwenyewe, ambaye hamtambui. Wanatembea msituni kama marafiki. Snow anasimulia kwamba malkia alimwokoa juu ya farasi aliyekimbia ovyo, kwamba bado anaamini kuna wema ndani yake, kwamba angemsamehe. Unamwona Regina anavyosikia, kama mtu aliyekaa na kiu siku nyingi. Halafu wanatoka kwenye miti na mbele yao kuna miili imerundikwa. Snow anasema basi, alikosea.

Kama uhakiki wangu ungekuwa wa sehemu hiyo moja ningeipa alama zote. Kwa mara ya kwanza sababu na matokeo vimesimama mahali pamoja, yeye mwenye sababu anatazama na hawezi kusema neno bila kujifichua.

Lakini seri inaondoka pale, na hairudi. Nimeangalia sezoni zote saba, nyingine mara mbili. Snow atamsamehe Regina, watakuwa ndugu kabisa. Mtoto wake wa kulea atamsamehe. Katika sezoni ya nne yeye na wenzake wanamtafuta mwandishi wa kitabu ili awaandikie na mabandi mwisho mwema. Mwishoni mwa sezoni ya tano wanaleta dawa inayomgawa mtu: Regina mwema anabaki huku, Malkia Mbaya anatolewa nje kama nguo chafu. Mimi hiyo niliiona ni mchezo wa chini kabisa. Mtu anapata njia ya kusema, yule aliyeua si mimi, ni yule pale, na baadaye hata yule pale naye anapewa mume na maisha mapya. Katika msamaha wote huo hakuna mtu wa kile kijiji anayeulizwa. Hakina jina. Hakuna hata mmoja aliyenusurika anayetokea mlangoni kwa meya kusema mimi mama yangu alikuwa kwenye ile rundo. Snow White anasamehe kwa niaba yao, na yeye alitendewa mabaya yake mwenyewe, hayo ana haki nayo. Yale mengine nani alimpa?

Sisi tumeona msamaha wa namna hiyo ukichapishwa katika gazeti la serikali. Sheria ya amnestia ya tarehe 11 Februari 2014 angalau iliweka nje mauaji ya halaiki na makosa ya vita, mtu asome. Lakini wangapi wamerudi kutoka msituni na vyeo kabla ya faili kufunguliwa?

Na mwisho wa mwisho, Mei 2018, nchi zote za hadithi zinaunganishwa kuwa moja na Regina anavishwa taji. Watu wamemchagua kuwa Malkia Mwema. Dada wa saikolojia alilia. Mimi nilicheka peke yangu, kwa sababu nyingine kabisa. Desemba ile ile ya 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura ya rais pamoja na nchi, watangoje Machi 2019, juu ya Ebola na usalama. Rais aliapishwa Januari. Mnakumbuka vijana wa Beni walivyopanga foleni tarehe 30 Desemba na kupiga kura zao za mfano, wakinawa mikono kwanza. Kumbe katika nchi za hadithi hata mwenye kuchinja kijiji anachaguliwa kwa kura, na sisi wenye kuchinjiwa hata sanduku la kura hatukuletewa.

Nilimpelekea mwenzetu wa Beni haya yote nilipokuwa bado ninayaandika, juu ya kijiji hasa. Nilifikiri atasema, sasa umenielewa. Hakusema hivyo. Alisema mimi ninadai kitu ambacho filimu haiwezi: kuwapa waliokufa maneno. Yeye hakitaki. Anataka tu Regina mwenyewe, katika episodi moja, aulizwe juu ya siku ile, si juu ya Daniel, na ajibu akiwa amekaa chini, polepole, jinsi anavyojibu juu ya Daniel. “Aseme nani alimuambia watu bako wapi. Aseme alikuwa anafikiri nini kwa njia. Kulia alie kisha.”

Nikamwuliza, akijibu hivyo, utamsamehe?

“Ile ni swali ingine, yaya. Usiruke.”

Bado hatujakubaliana. Mimi nasema sababu aliyoilinda Regina kwa miaka yote ile ilikwisha kuwa kisingizio, hata akiulizwa atatuambia ya Daniel tena. Yeye anasema hujui, hujamuuliza. Siku ya Yenga ijayo anapanda tena kutoka Beni kama njia ni nzuri, na ameomba tusianze seri mpya. Anataka kuangalia ile episodi ya kijiji tena, tangu mwanzo, bila mtu kuongea.